Boga Moja, Kazi Tatu: Halloween Bila Kutoboa Mfuko

Kila tarehe 31 Oktoba, nyumba nyingi Marekani huweka boga mlangoni, limechongwa macho na meno, na ndani mna taa. Desturi hii ilitoka Ireland, ambako watu walichonga tanipu na viazi. Wahamiaji wa karne ya 19 walipofika Marekani walikuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, basi wakahamia huko.

Siku hizi Halloween imebisha hodi kwetu pia, hasa katika baadhi ya shule za binafsi na sehemu za burudani Nairobi. Unashtukia ujumbe wa shule: mtoto aje na boga lililochongwa. Na ni mwisho wa mwezi, kodi inangoja!

Ushauri wetu ni mmoja: nunua boga ambalo mngelila hata kama Halloween haipo. Hapo pesa ya mapambo inageuka pesa ya chakula.

1. Weka bajeti kwanza
Tuseme ni shilingi 500: boga, taa ndogo na boda. Kisu, kijiko na kalamu viko nyumbani tayari. Weka shilingi 50 kila siku kwenye akiba ya simu kuanzia tarehe 20, na tarehe 29 utakuwa na 500 kamili. Mkopo wa simu kwa pambo la usiku mmoja? Hapana, riba na ada zitabaki boga likishaoza.

2. Chagua kwa jicho na mkono
Maboga ya kuchonga ya Marekani ni ya rangi ya chungwa, yana ukuta mwembamba na nyama ya nyuzinyuzi isiyo na ladha sana. Malenge yetu mengi ni ya kijani au kijivu, ganda gumu, nyama nene na tamu. Usihangaike na rangi ya kwenye filamu. Angalia haya:
- Kitako bapa, likae bila kubingirika.
- Kikonyo kikavu na kigumu. Usilibebe kwa kikonyo, kinaweza kukatika.
- Ganda lisilo na michubuko wala sehemu laini.

Mwambie mama mboga mapema unataka boga zima, kwa sababu wengi huuza vipande.

3. Ona kwanza, lipa baadaye
Ukiona boga zuri mtandaoni, usitume deposit kwa mtu usiyemjua. Sokoni, ukishaweka nambari ya till na kiasi, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Hifadhi ujumbe wa malipo.

4. Chonga salama
Chonga jioni ya tarehe 30. Boga lililokatwa huanza kuharibika baada ya siku chache, na joto huharakisha mambo.

Kata kifuniko kisu kikiwa kimeinama kuelekea katikati, ili kisitumbukie ndani. Mtoto achore uso na kutoa mbegu. Kisu kibaki kwa mtu mzima. Kwangua upande wa uso hadi unene wa kama sentimita 2.5. Ganda likikataa, usilazimishe: macho mawili ya pembetatu na mdomo yanatosha kabisa. Ndani weka taa ya betri, ni salama kuliko mshumaa.

5. Sasa sufuria
Nyama uliyokwangua ipikwe siku hiyohiyo: supu, au ipondwe na viazi. Mbegu zioshe, zianike, kisha uzikaange na chumvi kidogo. Lile ganda lililokaa nje usiku kucha msilile. Likiwa halina rangi wala nta, mpe mbuzi au litupe kwenye mboji.

Taa, mlo na vitafunio, vyote kwa boga moja. Wewe bajeti yako ya Halloween ni ngapi? Anza kuweka akiba leo.