Sinema ya Yesu: Tazama, Kisha Fungua Kitabu

Huenda umewahi kuona gari la sinema likifika kijijini. Shuka jeupe linafungwa kati ya miti miwili, mashine ya umeme inaanza kunguruma, watoto wanakaa chini mbele. Mara nyingi sinema yenyewe ni ile ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979. Ilipigwa huko Israeli, na habari zake zimetoka katika Injili ya Luka. Hadi sasa imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo.

Baada ya sinema hiyo bibi mmoja wa kwetu aliniuliza: "Mjukuu wangu, kumbe Yesu alikuwa Mzungu?" Nikamjibu, "Hapana bibi, yule ni mwigizaji tu." Hakuridhika. "Sasa mbona wanamwonyesha hivyo?"

Swali la bibi si dogo. Mwigizaji yule ni Mwingereza, Brian Deacon. Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, nchi ya jua kali, na Injili hazisemi rangi yake wala urefu wake. Basi kila mchoraji na kila mtengeneza sinema hana budi kubuni. Na akibuni, anafundisha, hata kama hakukusudia. Wazungu walimchora akafanana na jirani zao, picha zikaja na wamisheni, zikatundikwa ukutani, nasi tukazoea.

Ubishi wa picha ni wa zamani sana. Karibu na mwaka 600, Askofu Serenus wa Marseille, Ufaransa, alivunja picha za kanisani kwa sababu watu waliziabudu. Papa Gregori wa Kwanza akamwandikia kwamba kukataza kuabudu picha ni vema, lakini kuzivunja si vema, kwani asiyejua kusoma husoma katika picha. Sisi tuliopita kisomo chenye manufaa tuna bahati: tunaweza kusoma picha na kitabu pia, tukalinganisha.

Kaskazini mwa Kameruni, katika miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Wamafa walifanya jambo zuri. Pamoja na mmisionari Mfaransa, François Vidil, walisoma Injili, kisha wakaigiza habari zake wenyewe. Maigizo yakapigwa picha, na kutoka hapo zikachorwa picha za rangi. Humo Yesu ni Mmafa, na nyumba ni za kwao. Wengine husema huo ni uwongo, maana Yesu hakuzaliwa Kameruni. Ni kweli, lakini wala hakuzaliwa Uingereza! Mimi naona Wamafa walisoma kweli kweli. Huwezi kuigiza habari bila kujua nani alisema nini, alimwambia nani, na kwa nini.

Lakini picha inaweza kudhuru pia. Huko Oberammergau, Ujerumani, wanakijiji wanaigiza mateso ya Yesu tangu mwaka 1634. Kwa muda mrefu mchezo ule uliwatwika Wayahudi wote lawama ya kifo chake, kana kwamba Yesu na mitume hawakuwa Wayahudi. Hitler aliutazama mwaka 1934 na aliupenda. Baada ya vita vilivyoua mamilioni ya Wayahudi, watu walipinga sana, na maneno yake yakarekebishwa mara kadhaa.

Kwa hiyo, ukiona sinema, jiulize: hili limo kitabuni, au limeongezwa? Chukua wale mamajusi. Mathayo sura ya 2 haisemi walikuwa watatu, wala haisemi walikuwa wafalme. Inataja zawadi tatu, basi. Tena walimkuta mtoto nyumbani, si zizini.

Juzi bibi yule alinisimamisha njiani. Anayo kalenda yenye picha ya Mariamu amepanda punda kwenda Bethlehemu. Alitaka kujua kama ni kweli. Tukaketi chini ya mwembe, akasoma mwenyewe Luka sura ya 2, polepole, kidole kwenye mstari. Punda hayumo.