Mkia wa pikapu unainuliwa, tani zinabaki palepale

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda bara haliwezi kuikwepa mizani ya Vigwaza. Pikapu iliyojaza magunia hadi juu ya kabini inaweza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inawahusu wenye magari ya tani 3.5 na kuendelea, wakati Hilux au D-Max iliyobeba kadiri ya ruhusa ya kiwanda huwa na uzito wa jumla wa takribani tani 3. Kwa hiyo mzigo wa pikapu hupimwa kwa macho. Mkia ukikaa chini, imezidishiwa. Mkia ukisimama, twende.

Jicho hilo ndilo linalolisha biashara ya kuongeza nguvu za springi, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road, Nairobi, na soko la Kisekka mjini Kampala. Wateja wake ni wasafirishaji wa nyanya, samaki, miraa na vifaa vya ujenzi, pamoja na kampuni za utalii ambazo Land Cruiser zao hubeba mahema, matangi ya maji na abiria kwa wakati mmoja. Wote huingia gereji na ombi moja: gari lisikae.

Bidhaa wanazouziwa ni za ngazi tatu. Ya chini kabisa ni bamba la springi lililotumika, mara nyingi limetoka kwenye gari kubwa zaidi, likakatwa na kuongezwa kwenye springi za mteja. Inayofuata ni springi mpya za kiwandani, zikiwemo seti za Old Man Emu za kampuni ya ARB ya Australia, zinazopendwa na watu wa safari. Ya tatu, ambayo bado ni ngeni kwa wengi, ni mifuko ya upepo: mipira minene inayofungwa kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, ikajazwa upepo kama tairi, hata kwa fundi wa pancha.

Mfano unaofahamika ni LoadLifter 5000 ya Air Lift, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 ambayo makao yake yako Lansing, Michigan. Jozi moja hutajwa kuwa na uwezo wa kusawazisha hadi pauni 5,000, yaani karibu kilo 2,270, kwa presha kati ya psi 5 na 100. Msomaji asikimbilie kupiga hesabu ya faida. Mtengenezaji huyohuyo anaeleza kwamba mifuko haiongezi uzito ulioidhinishwa na kiwanda cha gari. Kinachouzwa ni usawa wa gari, na wanunuzi wengi hudhani wamenunua tani.

Kwa nini basi mtu afunge mifuko wakati tayari ana springi za msaada, zile ambazo mafundi huziita helpa? Jibu liko katika namna kila kimoja kinavyofanya kazi. Pikapu nyingi huja na bamba nene chini ya springi za kawaida. Gari likiwa tupu, bamba hilo halifanyi kazi yoyote. Mzigo ukiongezeka springi za juu hulala juu yake, nalo likaanza kubeba. Ubora wake ni kwamba halina mpira wa kuchanika wala bomba la kuvuja. Udhaifu wake ni kwamba ukakamavu wake hauchaguliki: ni uleule kwa magunia manane na kwa kumi na manne.

Mfuko wa upepo hurekebishwa. Mfanyabiashara anayekwenda shamba mtupu na kurudi amejaza huupunguzia upepo asubuhi hadi kile kiwango cha chini cha psi 5, kwa sababu mfuko usio na upepo kabisa hubanwa na kuchanika, kisha huujaza baada ya kupakia. Mzigo ukielemea upande mmoja, mabomba mawili yaliyotenganishwa humwezesha kuinua upande huo peke yake. Mabomba yakiunganishwa kuwa moja, kwenye kona upepo hukimbilia upande wa pili na gari kulala zaidi.

Vikifungwa pamoja, helpa na mfuko hugawana kazi, na mgao huo huamuliwa na presha. Upepo ukiwa mwingi, chesisi huinuka, helpa haiguswi, na mfuko hubeba sehemu kubwa peke yake. Upepo ukiwa wa wastani, helpa hushika uzito nao mfuko hubaki na kazi ya kusawazisha. Njia hii ya pili ndiyo salama, lakini ndiyo isiyopendeza macho, maana mkia hubaki chini kidogo.

Usalama huo unatokana na chesisi. Springi za mabamba hukabidhi uzito kwenye chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko huukandamiza sehemu moja, juu ya ekseli. Mzigo uliorundikwa nyuma kabisa ya bodi huivuta chesisi chini kwa nyuma huku mfuko ukiisukuma juu katikati, nayo hupinda kama fimbo iliyowekwa gotini. Australia, ambako pikapu za milango minne hukokota makaravani kwenye njia mbovu, kupinda kwa chesisi ni tatizo linalojulikana, na mifuko iliyojazwa kupita kiasi hutajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu.

Gharama nyingine imejificha kwenye breki. Hilux nyingi za miaka ya nyuma zina vali inayokadiria mzigo kwa kusoma umbali kati ya ekseli na chesisi. Mkia ukiinuliwa kwa springi au upepo, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati ambapo nguvu hiyo inahitajika kuliko siku zote. Fundi anayefunga springi bila kurekebisha vali hiyo amemaliza nusu ya kazi.

Halafu kuna suala la kujua umebeba nini. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 990, na hapo pikapu ya tani moja imejaa kabla ya kuhesabu dereva, utingo na keji ya chuma iliyochomelewa kwenye bodi. Viazi vikifungwa lumbesa, gunia moja hupita kilo 100, kiwango ambacho sheria ya vipimo Tanzania hairuhusu kuzidishwa kwa mazao yaliyofungashwa. Mwenye gari anaongeza springi kwa ajili ya uzito ambao hata muuzaji wa gunia haujui.

Faida ya safari moja iliyozidishwa huonekana siku hiyohiyo. Hasara huja kwa awamu: tairi, bushi, beringi, na mwisho chesisi. Kuna pia bima, kwani mikataba mingi haihusishi gari lililobebeshwa kuliko uwezo wake. Muuza springi hayumo katika hesabu hiyo, amelipwa mapema.

Anayebeba mzigo unaobadilika ndani ya uwezo wa gari lake ana sababu nzuri ya kufunga mifuko juu ya helpa. Anayebeba mzigo uleule kila siku, ndani ya uwezo huohuo, atatosheka na springi nzuri za kiwandani. Anayehitaji tani moja na nusu kila safari anahitaji Canter. Lakini Canter inakula mafuta zaidi, na ikijaa haina budi kupanda mizani. Maadamu pikapu inaendelea kupita pembeni ya mizani hiyo, mafundi wa springi hawatakosa wateja.