Miguu ya Safari Ndefu

Miaka michache iliyopita baba mmoja aliletwa wodini kwetu kwa baiskeli. Alikuwa ametembea siku mbili na wenzake wakienda hija, akiwa na viatu vipya vya ngozi alivyonunuliwa na mwanawe. Kisigino kilikuwa kimechubuka hadi nyama, na mchanga umejaa humo. “Sista, mbona sikusikia maumivu?” akaniuliza. Ana kisukari, na nyayo zake zimekwisha kufa ganzi. Alipoteza vidole viwili.

Kutembea mbali si jambo geni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, na kila mwaka kuelekea tarehe 3 Juni mahujaji hutembea siku nyingi hadi Namugongo, Uganda. Lakini mguu unaotembea kutwa hupata joto, hutoka jasho na kuvimba. Ngozi yenye unyevu ikisuguliwa hufanya malengelenge.

Kwa hiyo nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uvipime ukiwa na soksi utakazosafiri nazo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisichezecheze. Raba za mitumba si mbaya, ila tazama soli: ikiwa imelika upande mmoja, iache. Kiatu kipya kivae kwanza kwenda shambani na kisimani kwa wiki mbili au tatu. Kandambili ni za kuogea na kupumzikia. Kuhusu viatu vya tairi, wako wazee waliovizoea tangu ujana ambao wataniacha mbali, nami sibishani nao. Lakini mwenye ganzi asivivae, maana mikanda hukata na mchanga huingia.

Soksi ndizo tunazozidharau. Chukua jozi tatu. Za pamba tupu hushika jasho. Zilizochanganywa na sufu au nailoni hukauka upesi. Kama unazo za pamba tu, badilisha kila mnapopumzika, na zile mbichi uzianike juu ya mzigo. Soksi ya shule iliyolegea mpira ni mbaya kuliko zote, kwani huteremka na kujikunja chini ya kisigino. Mshono ukikusumbua vidoleni, igeuze nje ndani.

Ukisikia mahali panawaka moto mguuni, simama hapo hapo, hata kama wenzako wanaimba na kuendelea. Kausha, bandika plasta. Lengelenge dogo liache. Likiwa kubwa hata huwezi kukanyaga, osha kwa sabuni, toboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, maji yatoke, ngozi usiibandue, kisha funika kwa kitambaa safi. Mwenye kisukari, au aliyebakiwa na ganzi ya ukoma, asitoboe kabisa. Aje zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi. Naye kabla ya safari yoyote ndefu atuone kwanza.

Yule baba siku hizi hukaguliwa nyayo na mjukuu wake kila jioni kwa kurunzi. Asubuhi hukung'uta viatu kabla ya kuvaa. Juzi alidondoka nge.