KISU KINACHONG'AA NA KINOO

Mama amenunua kisu kipya sokoni. Kinang'aa na hakishiki kutu. Baada ya miezi michache kimekuwa butu. Anakinoa juu ya jiwe lile lile la kunolea panga, lakini makali hayaji. Mwisho anakipeleka kwa fundi mwenye mashine. Kinarudi kikali, na baada ya siku mbili ni butu tena. Fedha zimepotea mara mbili. Kosa liko wapi?

Visu vinavyong'aa vimechanganywa na madini yaitwayo kromi. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye kromi karibu sehemu 13 katika kila sehemu 100. Chuma hicho kilifaa sana kwa visu. Kromi ndiyo inayozuia kutu.

Lakini visu hivi si vyote sawa. Vile vyenye kaboni nyingi vina punje ndogo sana za kromi na kaboni, ngumu kuliko mchanga. Jiwe la mtoni hula chuma kilichozizunguka punje hizo, zenyewe likaziacha. Kisu cha namna hii kinataka kinoo cha dukani, chenye upande wa kukwaruza na upande laini. Punje za kinoo hicho ni ngumu zaidi.

Visu vya bei nafuu vina shida nyingine. Chuma chake ni laini, nacho hunata. Ukikinoa, makali hayakatiki vizuri, bali hutoa ukingo mwembamba kama uzi unaolalia upande mmoja. Mtu hudhani kisu kimekuwa kikali. Akikata nyama kidogo tu, ukingo ule hupinda. Basi geuza kisu mara kwa mara, punguza nguvu, na umalize kwa upande laini wenye maji.

Na vijiko je? Vingi vina nikeli pia, na sumaku haivinasi. Unaweza kujaribu kwa sumaku ya spika ya redio mbovu. Chuma hicho hakigeuki kigumu hata kikichomwa na kuzamishwa majini. Usijisumbue kutengeneza kisu kwa kijiko. Ila sumaku peke yake haitoshi, maana viko vijiko visivyo na nikeli ambavyo hunaswa, navyo havishiki makali.

Sasa turudi kwa fundi. Chuma chenye kromi hupitisha joto polepole. Mashine ikizunguka kwa kasi, joto lote hubaki penye makali. Ukiona hapo rangi ya buluu, kisu kimeungua. Ugumu umetoka, na kunoa tena juu juu hakuurudishi, mpaka sehemu yote iliyoungua iondolewe. Mwambie fundi aguse jiwe kidogo kidogo, na kila mara achovye kisu majini. Akikataa, chukua kisu chako ukanoe kwa mkono.

Tena jiwe lililonoa majembe lisafishwe kwanza. Vumbi la chuma cha kawaida likigandamana na kisu kinachong'aa, huota kutu, na mwenye kisu hudhani ameuziwa kitu kibovu.