Je, Wajua? Kuku Aliyegoma Kiotani
Tetea wa kienyeji anaweza kung'ang'ania kiota kisicho na yai hata moja. Homoni ya prolaktini ikipanda mwilini mwake, huacha kutaga, hujinyonyoa kifuani ili ngozi iguse mayai, na hutoka kwa muda mfupi tu kula, kunywa na kunya.

Ukitaka vifaranga, mwekee mayai yaliyorutubishwa. Yataanguliwa baada ya siku 21 hivi. Ya bata huchukua takriban 28, naye wala habagui! Huhitaji vifaranga? Usimchovye majini ili aache kuatamia, ni kumtesa bure. Mweke siku chache katika tundu lililoinuliwa, lenye sakafu ya wavu, bila nyasi, hewa ipoze tumbo. Chakula na maji asikose.