Maumivu ya Mgonjwa wa Kifua Yapimwe Kama Maziwa

Mkulima wa skimu amekwisha zoea vipimo. Maziwa yake hupimwa kila asubuhi katika chama cha ushirika, viazi vyake hupandishwa kwenye mzani, mvua hupimwa kwa milimita, na hata ukali wa udongo una kipimo chake. Lakini mtu mwenye maradhi ya mapafu ya siku nyingi ana mambo mawili yanayomsumbua: pumzi na maumivu. Pumzi ina mashine ya kuipima. Maumivu hayana mashine, na kwa sababu hiyo watu huyasahau, naye mgonjwa hunyamaza nayo. Basi, msomaji, leo tutaeleza jinsi maumivu hayo yanavyopimwa, maana hata wewe nyumbani kwako waweza kuyapima.

MARADHI YENYEWE

Maradhi tunayosema hapa ni yale ambayo njia za hewa zimekuwa nyembamba na mapafu yamechakaa, hata hewa haitoki upesi. Mgonjwa hukohoa miezi na miaka, hutoa makohozi, na huhema akipanda kilima kidogo. Si kifua kikuu, wala hayaambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mwaka 2021 yaliua watu wapatao milioni 3.5 duniani.

Katika nchi tajiri sababu kubwa ni tumbako. Kwetu tumbako imo, lakini umo pia moshi wa kuni na makaa katika jiko lisilo na dirisha, na vumbi la kazi. Ndiyo sababu mama ambaye hakuvuta sigara hata moja maishani mwake aweza kuugua. Ninyi mnaokaa nyanda za baridi kama Kinangop na Ol Kalou, ambako watu huzunguka moto na mlango umefungwa, lifikirieni sana jambo hili.

KWA NINI YANAUMA

Wengi hudhani pafu lenyewe ndilo linalouma. Sivyo. Nyama ya pafu haina hisia ya maumivu. Kinachouma ni ile ngozi nyembamba iliyotanda ndani ya ukuta wa kifua, tena misuli na mifupa. Mtu mzima wa afya hupumua bila kujua. Lakini mgonjwa huyu huinua mabega na kukaza misuli ya shingo ili avute hewa, mchana kutwa na usiku kucha. Ni kama mtu anayelima bila kupumzika: lazima mabega yaume. Kukohoa kwa nguvu huchosha misuli ya mbavu, na mara nyingine huvunja ubavu. Kukaa bila kutembea, tumbako, na vidonge fulani vya kutuliza kifua vikitumiwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa, na pingili za mgongo zaweza kupasuka.

Maumivu haya si jambo dogo. Mgonjwa anayeumwa na mbavu huogopa kukohoa. Asipokohoa, makohozi hubaki ndani, na makohozi yakikaa huleta homa ya mapafu. Huogopa kutembea pia, miguu ikapoteza nguvu, na siku akitembea huhema zaidi kuliko kwanza. Tena asiyelala usiku hawezi kukamua alfajiri. Hivyo maumivu yaliyofichwa humdhoofisha mtu, na nyumba yake pia.

VIPIMO VYA WATAALAMU

Kupima pumzi kulianza zamani. Mwaka 1846 daktari mmoja wa London, John Hutchinson, alieleza mashine yake ya kupima hewa anayoweza kuitoa mtu, baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000. Lakini mashine ya namna hiyo haijui kama mtu anaumwa. Watu wawili waweza kutoa hewa sawasawa, mmoja akawa hana maumivu na mwenzake akawa hapati usingizi.

Kwa maumivu, mzani ni kinywa cha mgonjwa. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Canada alitoa orodha ya maneno 78 ya kueleza maumivu, yaliyopangwa katika mafungu 20, ili mgonjwa achague yanayomfaa. Hata Kiswahili chetu hakikosi maneno hayo: kuchoma, kubana, kupwita, kukeketa, kuwaka. Anayesema "kichomi" na anayesema "kunibana" hawasemi jambo moja, na daktari hujua tofauti.

Kipimo kingine ni mstari wa sentimita 10: mwanzo wake ni "hakuna maumivu" na mwisho wake ni "maumivu yasiyopita hayo", na mgonjwa hutia alama mahali pake. Kingine ni kutaja namba kutoka 0 hadi 10. Tena kuna karatasi aliyoitunga Charles Cleeland wa Marekani, yenye picha ya mwili ili mtu aonyeshe panapouma, na maswali juu ya kazi, kutembea, usingizi na furaha: je, maumivu yamezuia nini? Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilisema mwaka 2020 kwamba mtu akisema anaumwa aheshimiwe, na kwamba asiyeweza kusema si kwamba haumwi.

KIPIMO CHA MKONO

Katika Afrika kuna kipimo kisichohitaji kalamu wala kusoma, na Chama cha Huduma za Tiba Shufaa cha Afrika kimetumia kipimo cha namna hii, cha 0 hadi 5, kwa kuuliza habari za siku 3 zilizopita. Ngumi iliyofungwa ni 0, hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu makubwa kupita yote. Basi mwulize kwa adabu: "Mzee, siku hizi tatu maumivu yalikuwa vidole vingapi?" Wazee wengi wakiulizwa kama wanaumwa hujibu "si kitu", kwa kuwa wamefundishwa kuvumilia. Lakini mzee huyo huyo akiombwa vidole, huinua vinne.

DAFTARI LA NYUMBANI

Tafuta daftari la shule, na mtoto anayejua kuandika awe karani. Kila jioni aandike haya:

1. Mahali panapouma: bega, ubavu, mgongo au kifua.

2. Vidole vingapi sasa, na vingapi wakati yalipozidi.

3. Namna ya maumivu, kwa neno la mgonjwa mwenyewe.

4. Alikuwa akifanya nini: kukohoa, kukamua, kubeba maji, kulala.

5. Pumzi, kwa vidole vilevile, lakini katika mstari wake peke yake.

Angalia sana hilo la tano. Kuhema na kuumwa si kitu kimoja, na mgonjwa akisema tu "kifua kinanisumbua" muuguzi hatajua ni lipi. Usimwandikie namba wewe, aitaje mwenyewe. Majuma mawili yakipita, chukua daftari uende nalo kliniki.

USINGOJE DAFTARI

Yako maumivu yasiyongoja jioni. Kichomi cha ghafula pamoja na kukosa pumzi, kifua kinachobana na kuenea mkononi au tayani, maumivu pamoja na homa, kukohoa damu, mgongo uliopasuka maumivu ghafula: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na anayekohoa majuma mawili au zaidi apimwe makohozi, ijulikane kama ni kifua kikuu.

Tena usinunue dukani dawa kali za maumivu kwa kubahatisha, wala usimpe mgonjwa vidonge vya jirani. Nyingine huumiza tumbo na figo, na nyingine hupunguza pumzi, ambayo tayari ni chache. Daktari anayeona namba zako aweza kupima dawa kwa kiasi kinachofaa, na kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kukohoa huku amekumbatia mto, na mazoezi ya kutembea kidogo kidogo. Baada ya dawa, endelea kuandika. Vidole vinne vikishuka vikawa viwili, dawa inafanya kazi. Visiposhuka, rudi ukaseme.

Na katika shamba lako toboa dirisha la jikoni, uzikaushe kuni, na tumbako iachwe. Ng'ombe akipunguza maziwa kwa lita moja wewe hujua siku hiyo hiyo, kwa sababu unapima. Na mzazi wako au bibi yako apimwe vivyo hivyo.