Kitufe cha Mshiko: Mfumo wa Kudhibiti Utelezi wa Magurudumu katika Safari za Kila Siku

Miongoni mwa vitufe vilivyopangwa karibu na usukani au kando ya wenzo wa gia katika magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani, kimo kimoja chenye mchoro wa gari dogo linaloacha nyuma yake mistari miwili iliyopindapinda, na pembeni mwake neno OFF, yaani "zima". Kitufe hicho huuzima mfumo wa kudhibiti utelezi wa magurudumu, ambao kazi yake ni kuzuia tairi zisizunguke bure pale injini inapozipa nguvu nyingi kuliko barabara inavyoweza kupokea. Kwa kuwa mfumo huo hujiwasha wenyewe kila injini inapowashwa na hufanya kazi kimyakimya, dereva anaweza kukaa nao miaka mingi pasipo kujua kwamba upo, hadi siku anapokwama kwenye tope au taa ngeni inapomwekamweka kwenye dashibodi. Ili kuelewa ni lini uachwe na ni lini uzimwe, ni lazima kuanza na kitu kimoja ambacho mfumo wenyewe hauna uwezo wa kukiongeza, nacho ni mshiko.

Mshiko ni msuguano kati ya mpira wa tairi na uso wa barabara, ambao huliwezesha gari kuondoka, kusimama na kukata kona. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi kwa wakati mmoja haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na juu ya viganja hivyo vinne hutegemea gari zima lenye uzito wa tani moja au zaidi, pamoja na abiria na mizigo yake. Lami kavu hutoa mshiko mwingi, lami iliyolowa hutoa pungufu, na changarawe, mchanga na tope hutoa kidogo zaidi. Jambo la msingi ni kwamba mshiko wa kila tairi ni akiba moja inayolipia matumizi yote, mithili ya posho ya siku inayopaswa kutosheleza nauli, chakula na maji: tairi ambalo limekwisha kutumia sehemu kubwa ya mshiko wake katika kukata kona hubakiwa na kidogo tu cha kulisukuma gari mbele, na dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu katikati ya kona huwa anadai kwa mpigo mmoja mambo ambayo akiba hiyo haiwezi kuyalipia.

Tairi linaloendesha gari huzunguka haraka kidogo kuliko mwendo halisi wa gari, na tofauti hiyo ndogo ndiyo huzaa msukumo. Kwenye lami, msukumo hufikia kilele tofauti hiyo inapokuwa takriban asilimia 10 hadi 20. Ikizidi hapo, mpira huanza kuparuza uso wa barabara pasipo kuushika, msukumo hupungua, na uwezo wa tairi wa kulizuia gari lisihame kando huporomoka. Ndiyo maana gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, tairi hizo zinapozunguka bure, hunyoosha njia yake hata kama usukani umekatwa, ilhali gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma huserereka mkia na kuweza kugeuka likatazama lilikotoka.

Tatizo hili huzidishwa na diferenshali, ambayo mafundi wengi huiita difu, yaani mkusanyiko wa gia ulio kati ya magurudumu mawili yanayosukuma gari, unaoliruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke haraka kuliko la ndani. Diferenshali ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha kwa usawa, kwa hiyo gurudumu lililo kwenye ardhi ngumu haliwezi kupokea nguvu kubwa kuliko ile ambayo mwenzake lililo kwenye tope linaweza kuihimili. Matokeo yake ni mandhari inayofahamika kila masika: gurudumu moja linazunguka kwa kasi likirusha tope hewani, la pili limetulia tuli, na gari halisogei hata hatua moja.

Mfumo wa kudhibiti utelezi uliundwa ili kutatua hali hiyo. Kila gurudumu huwa na sensa, yaani kifaa kidogo kinachopima mzunguko wake na kupeleka taarifa kwenye kompyuta mara nyingi katika kila sekunde. Kompyuta ikiona kwamba gurudumu moja linazunguka haraka kupita kiasi kuliko mengine, hufanya moja ya mambo mawili au yote kwa pamoja: hulifunga breki gurudumu hilo peke yake, jambo linaloilazimisha diferenshali kupeleka nguvu upande wenye mshiko, na hupunguza nguvu ya injini, hata kama mguu wa dereva bado umekandamiza kanyagio la mafuta. Dereva husikia sauti ya mkwaruzo au mtetemo mfupi kutoka kwenye breki, huhisi injini imelegea ghafla, na huona taa ya gari lenye mistari iliyopinda ikimwekamweka. Asiyefahamu kinachotendeka hudhani kwamba injini ina hitilafu, kumbe gari linamwondolea nguvu ambayo barabara imeikataa.

Teknolojia hii ilikua kwa hatua. Mwaka 1978 kampuni za Bosch na Mercedes-Benz zilileta sokoni mfumo wa kielektroniki unaozuia magurudumu yasigande wakati wa kufunga breki, unaojulikana kwa herufi ABS, na sensa zake za magurudumu ndizo zilizokuja kuwa msingi wa udhibiti wa utelezi uliofuata katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1995 kampuni hizo hizo zilizindua mfumo mpana zaidi wa kudhibiti uthabiti wa gari, ambao hulinganisha pembe ya usukani na jinsi gari linavyogeuka kwa kweli, kisha hufunga breki gurudumu moja moja ili kulirudisha kwenye njia ambayo dereva amekusudia. Mfumo huo ulipata umaarufu mwaka 1997, pale gari dogo la Mercedes-Benz A-Class lilipopinduka nchini Sweden katika jaribio la kukwepa kikwazo cha ghafla lililofanywa na jarida la magari la huko, na mtengenezaji akalazimika kuufunga katika magari yote ya aina hiyo. Tangu hapo sheria zilifuata: Marekani iliutaka uwe katika magari madogo yote mapya kuanzia mwaka wa modeli wa 2012, na Umoja wa Ulaya ukaukamilisha kwa magari yote mapya mwaka 2014.

Historia hiyo inaeleza kwa nini mifumo miwili tofauti hukaa chini ya kitufe kimoja. Udhibiti wa utelezi hushughulikia magurudumu yanayosukuma gari wakati wa kukanyaga mafuta; udhibiti wa uthabiti hulishughulikia gari zima linapotaka kuserereka, iwe mafuta yamekanyagwa au la. Watengenezaji wameipa mifumo hii majina mbalimbali: Toyota hutumia TRC kwa ule wa kwanza na VSC kwa wa pili, Nissan na Subaru huuita wa pili VDC, Honda huuita VSA, Mazda na BMW hutumia DSC, na katika magari mengi ya Ulaya huandikwa ESP. Wa pili ndio wenye uzito mkubwa zaidi kwa uhai wa watu, kwani mwaka 2007 mamlaka ya Marekani ya usalama wa barabara kuu ilikadiria kwamba ungepunguza ajali za gari moja peke yake kwa asilimia 34 katika magari madogo ya abiria, na kwa asilimia 59 katika yale marefu ya juu ambayo hupinduka kwa urahisi.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa kwa safari za kila siku, mjini na kwenye barabara kuu, ni mmoja tu: mifumo yote miwili iachwe ikiwa imewashwa. Kuizima hakuongezi nguvu za injini, na kwenye lami kavu, dereva anapoendesha kwa utulivu, mfumo hauna la kufanya wala haumpunguzii chochote. Manufaa yake huonekana pale mshiko unapobadilika bila kutangaza, hasa katika mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, wakati vumbi na mafuta yaliyojikusanya kwenye lami yanapochanganyika na maji na kuwa utelezi kama wa bamia. Hutokea vilevile gari linapoondoka kwa haraka kwenye makutano yenye mchanga uliomwagwa na malori, au linapopanda mlima wa barabara ya vumbi huku gurudumu moja likiwa kwenye changarawe na jingine kwenye udongo mgumu.

Yapo hata hivyo mazingira machache ambamo msaada huo hugeuka kuwa kikwazo. Katika tope zito au mchanga mlaini wa pwani, gari linaweza kuhitaji kasi ya kulivusha na tairi zinazozunguka kiasi cha kujisafisha tope lililojaa katika mifereji yake. Mfumo, ambao haujui kwamba gari limekwama, huona utelezi tu na kuikata nguvu ya injini wakati ule ule inapohitajika. Hapo ndipo kitufe kinapopata kazi yake. Katika magari mengi ya Toyota, kukibonyeza na kukiachia huzima udhibiti wa utelezi pekee, nao hurejea wenyewe mwendo unapoongezeka, ilhali kukishikilia kwa sekunde kadhaa gari likiwa limesimama huzima pia udhibiti wa uthabiti, na katika hali hiyo mwendo ukiongezeka hakuna kinachorejea mpaka dereva abonyeze tena au azime injini. Tofauti ya kubonyeza na kushikilia ni ndogo kwa kidole, lakini kwa dereva atakayetoka kwenye tope na kushika lami kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kubwa mno. Kwa sababu hiyo kushikilia kwa muda mrefu hakufai kuwa mazoea, na kila aina ya gari ina utaratibu wake ulioelezwa katika kitabu chake cha maelekezo.

Magari mapya zaidi humpa dereva hali kadhaa za kuchagua, kwa mfano ya theluji, ya tope na mchanga, au ya michezo. Hali ya theluji hulainisha mwitikio wa kanyagio la mafuta, na inaweza kusaidia hata kwenye majani yaliyolowa au udongo unaoteleza. Ile ya tope na mchanga huruhusu tairi zizunguke zaidi kabla ya mfumo kuingilia, na aghalabu hutosha kumwondolea dereva haja ya kuuzima kabisa. Hali ya michezo, katika magari mengi yenye nguvu kubwa, huchelewesha uingiliaji ili kumpa dereva uhuru zaidi, jambo linalofaa katika uwanja uliofungwa na lisilo na faida yoyote katika barabara yenye bodaboda, daladala na watoto wanaotoka shule.

Hata ukiwashwa, mfumo una mipaka, na mpaka wa kwanza ni tairi. Kompyuta hugawa mshiko uliopo. Tairi likiwa kipara hakuna cha kugawa, na juu ya maji mengi tairi la namna hiyo huelea bila kugusa lami, kiasi kwamba breki na usukani vyote hukosa pa kushika. Kina cha milimita 1.6 cha mifereji ya tairi, ambacho ndicho cha chini kabisa kinachokubalika kisheria Ulaya, kinapaswa kuchukuliwa kuwa ukomo wa mwisho wala si hali ya kuridhisha. Aidha, mfumo haufupishi umbali wa kusimama, kwani hiyo ni kazi ya breki, na gari linaloondoka vizuri kwenye utelezi linaweza kumdanganya dereva kwamba litasimama vizuri vilevile.

Kwa anayenunua gari lililotumika, taa ya mfumo huu ni shahidi wa kuaminika iwapo itasomwa ipasavyo. Swichi inapowashwa kabla ya injini, taa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, ipo shaka kwamba balbu imekufa au imeondolewa ili kuficha hitilafu. Ikimwekamweka safarini, mfumo unafanya kazi. Ikiwaka mfululizo bila kitufe kuguswa, mfumo una kasoro. Chanzo mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyoharibika au waya wake kukatika, na tairi za ukubwa tofauti kwenye gari moja huweza kuichanganya kompyuta, kwa kuwa tairi dogo huzunguka haraka zaidi na kuonekana kana kwamba linateleza. Baada ya kurekebisha mpangilio wa magurudumu, na katika baadhi ya magari baada ya betri kutolewa, sensa ya pembe ya usukani huhitaji kupangwa upya na fundi mwenye kifaa kinachosoma kompyuta ya gari.

Inayobaki ni kazi ya dereva mwenyewe. Taa ikimwekamweka mara moja kwenye dimbwi haina tishio, lakini ikimwekamweka kila kona na kila mteremko, huwa inamweleza kwamba akiba ya mshiko inatumika hadi senti ya mwisho, na jibu lake ni kulegeza mguu kwenye kanyagio la mafuta kabla kompyuta haijalazimika kufanya hivyo kwa niaba yake. Na pale anapouzima mfumo ili kujinasua kwenye tope, mahali sahihi pa kuuwasha tena ni pale pale gari linapokanyaga ardhi ngumu, kabla mwendo haujaongezeka na kabla abiria waliokuwa wakisukuma hawajapanda garini na kuanza kupangusa miguu.